Nyota za Darini Hazina Mionzi, Tazameni Betri

Swali ambalo wazazi huniuliza kuliko mengine yote kuhusu vitu vinavyong'aa gizani ni lile la nyota za plastiki zinazobandikwa darini katika vyumba vya watoto: je, hazina mionzi inayoleta saratani? Mzazi mmoja alinieleza hoja yake kwa utaratibu kabisa. Kitu hiki, alisema, hakina waya wala betri, nacho huwaka usiku. Basi, Mwalimu, huo mwanga kinautoa wapi kama si kwenye sumu? Jibu ni kwamba nyota hizo hazina mionzi ya aina hiyo, na zinaweza kukaa juu ya kitanda cha mtoto miaka yote bila kumdhuru. Hata hivyo, hoja yake ni nzuri kuliko yeye mwenyewe alivyodhani, kwa sababu ameshika jambo ambalo ndilo msingi wa elimu yote ya vitu hivi: mwanga ni nishati, na nishati lazima itoke mahali fulani. Ukishajua inatoka wapi, umejua pia kitu hicho kitawaka kwa muda gani, kitazimika vipi, na kama kuna sababu ya kukiogopa.

Nyota za darini huupata mwanga wao kwenye taa ya chumba. Plastiki yake imechanganywa na unga wa strontiamu aluminati, uliotiwa kiasi kidogo sana cha elementi mbili, europiamu na disprosiamu. Taa inapowaka, elektroni za europiamu hupokea nishati na kuhama mahali pake, na baadhi yake hunaswa katika kasoro ndogo zilizomo ndani ya fuwele, kasoro ambazo disprosiamu imesaidia kuzitengeneza. Elektroni iliyonaswa hukaa pale kama gololi iliyoingia katika kishimo: haiwezi kutoka mpaka itikiswe. Mtikiso huo huletwa na joto la kawaida la chumba, ambalo huzitoa elektroni moja moja, na kila inayorudi kwenye europiamu humwaga nishati yake kwa njia ya mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 520. Ndiyo maana nyota hung'aa sana mara tu taa inapozimwa, wakati elektroni nyingi bado zimenaswa, kisha hufifia polepole hadi alfajiri.

Maelezo haya yanaweza kupimwa nyumbani bila kifaa chochote cha maabara. Chukua nyota moja iliyokaa ndani ya sanduku siku nzima, uimulike kwa taa nyekundu, hata kwa dakika nyingi; haitawaka. Imulike kwa tochi ya simu kwa sekunde chache, itawaka vizuri. Imulike kwa kitochi cha zambarau, kile ambacho wenye maduka hukitumia kukagua noti za bandia, na utaweza kuandika jina lako juu yake kwa ncha ya mwanga. Mwanga mwekundu, hata uwe mwingi kiasi gani, huja katika vipande vidogo vya nishati ambavyo hakuna hata kimoja chenye nguvu ya kuiinua elektroni kufikia mahali inapotakiwa, ilhali kipande kimoja cha zambarau kinatosha. Wanafunzi wangu huliona jambo hili kuwa mchezo, nami huwaacha waone hivyo, ingawa kwa kweli wameligusa wazo lile lile ambalo Albert Einstein aliliandika mwaka 1905 na likampatia Tuzo ya Nobel. Jaribio la pili ni la friji. Nyota iliyokwisha kumulikwa, ikiwekwa katika sehemu ya kugandishia barafu, hufifia upesi. Ukiitoa na kuifumbata kiganjani, huanza kung'aa tena bila kuongezewa mwanga wowote. Elektroni zilikuwa bado mitegoni, zikisubiri joto.

Sayansi hii ilianza zamani sana, na ilianzishwa na fundi wa viatu. Mwanzoni mwa karne ya 17, Vincenzo Casciarolo wa mji wa Bologna nchini Italia aliokota mawe mazito katika mlima Paderno, akayachoma pamoja na makaa akitumaini kupata dhahabu, na badala yake akapata kitu kilichokunywa mwanga wa jua mchana na kuutoa usiku. Baadaye ilikuja salfaidi ya zinki yenye chembe za shaba, ambayo ndiyo iliyotumika katika vitu vya kuchezea kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, na ambayo bado imo katika bidhaa nyingi za bei ya chini. Nyota zinazozimika hata mtoto hajapata usingizi mara nyingi ni za aina hiyo. Unga wa strontiamu ulitengenezwa mwaka 1993 na kampuni ya Kijapani iitwayo Nemoto, ukashinda salfaidi ya zinki kwa mwangaza na kwa muda, mara kumi na zaidi. Nemoto haikuwa ikitafuta mapambo ya vyumba vya watoto. Ilikuwa kampuni ya rangi za kupaka saa, na ilitaka rangi inayoweza kung'aa usiku kucha bila kutiwa kitu chenye mionzi, kwa kuwa hadi wakati huo saa nzuri ya usiku ilikuwa na mionzi kweli.

Hapa ndipo hofu ya yule mzazi ilipozaliwa, ingawa yeye hakujua. Marie na Pierre Curie waligundua radiamu mwaka 1898, na haikuchukua miaka mingi kabla watu hawajatambua kwamba ukichanganya kiasi kidogo cha radiamu na salfaidi ya zinki unapata rangi inayong'aa mchana na usiku bila kumulikwa. Kila chembe inayorushwa na radiamu hugonga fuwele ya zinki na kutoa cheche moja ya mwanga, na cheche hizo zikiwa maelfu kwa maelfu jicho huona mng'ao uliotulia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, saa za askari na vipimo vya ndege vilipakwa rangi hiyo, na tangu mwaka 1917 wasichana wa mji wa Orange, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, waliajiriwa kuchora tarakimu na mishale ya saa kwa brashi nyembamba. Walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Waliambiwa kwamba rangi ile haina madhara, na baadhi yao waliipaka kwenye kucha na meno kwa mzaha kabla ya kwenda dansini.

Mwili huichukulia radiamu kama chokaa ya mifupa na kuiweka humo humo, ambako inaendelea kurusha chembe zake maisha yote. Wasichana wale walianza kung'oka meno, kisha taya zao zikaoza, kisha mifupa ikavunjika na damu ikakosa nguvu. Mwaka 1927 Grace Fryer na wenzake wanne waliishtaki kampuni iliyowaajiri, na mwaka uliofuata walikubali suluhu ya dola 10,000 kila mmoja pamoja na dola 600 kwa mwaka na gharama za matibabu. Sabin von Sochocky, mwanakemia aliyeibuni rangi yenyewe, naye alikufa mwaka huo huo wa 1928 kwa upungufu wa damu ulioletwa na radiamu.

Radiamu hiyo ina uhusiano na wasemaji wa Kiswahili kuliko wengi wetu tunavyofahamu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920, sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilitoka katika mgodi mmoja wa Shinkolobwe, karibu na Likasi huko Katanga, katika Kongo ya Kibelgiji, eneo ambalo Kiswahili kilikuwa kinakua kuwa lugha ya migodini. Mawe yake yalikuwa na urani nyingi mno, kiasi kwamba migodi ya Marekani ilishindwa kushindana nayo ikafungwa. Kwa kuwa gramu 1 ya radiamu hupatikana katika takribani tani 3 za urani, mtu anaweza kukisia ni mawe mangapi yaliyochimbwa na kubebwa na watu wa Katanga ili kisafishwe kitu kidogo kile huko Olen nchini Ubelgiji, kikauzwe kwa hospitali na kwa watengenezaji wa saa. Habari za wasichana wa New Jersey zimeandikwa sana, na ni haki. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakupelekewa daktari wa kuwapima mifupa wala wakili wa kuwasemea, na mgodi huo leo hutajwa zaidi kwa sababu ya mabomu ya atomu ya mwaka 1945 kuliko kwa sababu ya akrabu za saa.

Jambo moja kuhusu saa hizo linastahili kushikwa vizuri, kwa kuwa nitalirudia kwa namna nyingine nikifika kwenye betri. Chembe za radiamu huziharibu fuwele za zinki taratibu, hivyo baada ya miongo michache saa huacha kung'aa. Radiamu yenyewe haijaenda popote: huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Mtu akirithi saa ya babu yake yenye tarakimu zilizogeuka rangi ya kahawia na zisizowaka tena, asidhani kwamba sumu imekwisha kwa sababu mwanga umekwisha, na asiifungue kuikwangua. Ikikaa imefungwa kabatini haina neno kubwa. Vumbi lake likivutwa puani ndilo tatizo.

Watoto nao hawakuachwa nyuma. Mwaka 1947, kampuni ya General Mills ya Marekani iliwatumia watoto pete yenye umbo la bomu kwa senti 15 na kipande cha kasha la nafaka za Kix, na ndani ya pete hiyo mlikuwa na poloniamu kidogo iliyogonga kioo cha salfaidi ya zinki, ili mtoto aliyejifungia gizani aone atomu zikipasuka kwa macho yake. Mimi huiona kuwa ni kifaa bora kabisa cha kufundishia, na siwezi kumtetea aliyekigawa. Siku hizi kitu cha namna hiyo kinachoweza kupatikana kihalali katika nchi nyingi ni kijibomba cha kioo chenye gesi ya tritiamu, ambayo ni aina ya hidrojeni nzito yenye mionzi, na ambacho hutiwa katika saa na vishikizo vya funguo. Mwanga wake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, na chembe zake ni dhaifu hata haziwezi kupenya kile kioo. Namna rahisi ya kukitofautisha na nyota ya darini ni kukifungia sandukuni wiki nzima. Nyota itatoka imezimika, tritiamu itatoka ikiwa bado inawaka.

Shati jeupe linalong'aa rangi ya buluu chini ya taa za dansi ni suala jingine, na halina siri kubwa. Sabuni za unga zina kemikali zinazopokea mionzi ya urujuanimno tusiyoiona na kuitoa papo hapo kuwa mwanga tunaouona, bila kuiweka akiba hata kidogo. George Stokes alilieleza jambo hili mwaka 1852 baada ya kuchunguza maji yenye kwinini, dawa ile ile ya malaria, na yeyote mwenye kitochi cha noti anaweza kuimulika chupa ya maji ya toniki na kuona alichokiona Stokes.

Vijiti vya mwanga, vile vinavyouzwa katika sherehe na matamasha kama bangili na mikufu, ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote, kwa sababu vinatengeneza mwanga baridi mbele ya macho yako. Ndani ya bomba la plastiki mna kimiminika chenye oksalati na rangi, na ndani ya kimiminika hicho mna kichupa chembamba cha kioo chenye peroksidi ya hidrojeni. Ukikikunja kijiti, kioo huvunjika na vitu viwili hukutana. Oksalati na peroksidi huungana kufanya molekuli isiyotulia, ambayo huvunjika kuwa hewa ya kaboni dioksaidi, na nishati inayoachwa haitoki kama moto bali hukabidhiwa moja kwa moja kwa molekuli ya rangi, nayo huitoa kama mwanga. Kwa hiyo kijiti cha kijani na kijiti cha buluu vina mmenyuko mmoja wa kemikali. Kinachotofautiana ni nani aliyepokea nishati mwishoni. Edwin Chandross wa maabara za Bell ndiye aliyeifungua njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini mwanga wake ulikuwa hafifu sana. Ni kikundi cha Michael Rauhut, katika kampuni ya American Cyanamid, kilichotafuta oksalati iliyo bora mpaka mwanga ukafaa kuuzwa.

Maji ya moto yatakifanya kijiti kiwake sana na kumalizika upesi, na friji itakipunguza na kukifanya kidumu hadi kesho. Msomaji makini atakumbuka kwamba nyota ya darini nayo ilifanya hivyo hivyo. Matokeo yanafanana na sababu hazifanani: kwenye nyota joto linazitikisa elektroni zilizonaswa, kwenye kijiti joto linaharakisha mmenyuko wa kemikali. Tofauti hujitokeza baadaye, kwa kuwa nyota inaweza kumulikwa tena mara elfu moja, lakini kijiti kilichokwisha kimekwisha, na hakuna friji itakayokifufua, ingawa wauzaji wengine huapa kwamba ipo.

Kimiminika cha ndani si sumu kali, lakini si kitu cha kuchezea pia. Huwasha macho na mdomo, hulainisha baadhi ya plastiki, na ndani yake mna vipande vya kioo. Mtoto aliyekitafuna aoshwe mdomo na apewe maji. Akipata machoni, aoshwe kwa maji mengi. Kwa watu wa pwani kuna suala la ziada. Meli za kuvua kwa mishipi mirefu katika bahari kuu hufunga vijiti hivi karibu na chambo ili kuwavuta jodari na samaki wa jamii ya nduaro usiku, na vijiti vilivyotupwa huelea hadi ufukoni. Katika pwani ya Brazili, watafiti waliwakuta watu waliokuwa wakiviokota, wakivipasua na kujipaka kile kimiminika kama mafuta ya kuchua au ya ngozi. Mafuta yale yana mabaki ya kemikali nilizozitaja, na kijiti kisichowaka hakijawa maji.

Kimulimuli wa bustanini hutumia utaratibu ulio ndugu na huu, akiwa na kemikali yake ya mwanga iitwayo luciferini, kimeng'enya chake na oksijeni anayoipitisha kwa kupimia ili awake na kuzima. Raphaël Dubois, mwanasayansi wa Ufaransa, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1880 kwamba mwanga wa viumbe hutokana na luciferini na kimeng'enya chake. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2008 vilionyesha kwamba katika kila molekuli 100 za luciferini zinazotumika, takribani 41 hutoa mwanga, na vijiti vingi vya dukani havimfikii mdudu huyu.

Vilivyobaki ni vitu vya betri, na hivi ndivyo vilivyojaa zaidi katika viwanja vya sikukuu: viatu, pia za kuzungusha, pete, vijiti vya kichawi, mapulizo yenye taa ndani. Sayansi yake ni nzuri, na taa ya LED ya buluu iliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel mwaka 2014, lakini kwa upande wa mchezo hakuna mengi ya kusema. Katika kiatu mna springi ndogo iliyozunguka kijiti cha chuma. Mtoto anapokanyaga, springi hutikisika, hugusa kijiti, na taa huwaka. Viatu vya kwanza vyenye taa vya kampuni ya L.A. Gear, vilivyoingia sokoni mwaka 1992, vilitumia tone la zebaki badala ya springi, jambo ambalo lililalamikiwa na likaachwa.

Ninachotaka mzazi akichunguze ni betri ile bapa ya duara, ile ya saa. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, umeme wake hupita katika mate na nyama iliyoigusa, na upande wake hasi hutengeneza alkali kali inayoweza kuchoma umio vibaya ndani ya saa 2. Kubwa zaidi kati ya zile za kawaida, yenye upana wa milimita 20 na volti 3, ndiyo hatari kuliko zote kwa sababu hukwama kirahisi. Na hapa saa ya radiamu inarudi: betri ambayo imechoka hata haiwezi tena kuiwasha taa ya pete, na ambayo kwa hiyo imetupwa mezani au imeachwa mkononi mwa mtoto, bado ina volti za kutosha kumchoma. Katika nyumba nyingi nilizoingia, nyota za darini zimebanduliwa kwa hofu, na betri zilizokwisha zimo ndani ya bakuli la kuwekea sarafu.

Kabla ya kununua, geuza kitu uangalie kifuniko cha betri. Kama kinafunguka kwa ukucha, kiache; kama kimefungwa kwa skrubu, ni afadhali. Betri zilizotolewa zifungwe kwa gundi ya utepe pande zote mbili na ziwekwe mahali pa juu hadi zitupwe. Mtoto anayedhaniwa kumeza betri hupelekwa hospitali yenye mashine ya eksirei saa ile ile, bila kutapishwa na bila kusubiri aanze kulia au kukohoa, na daktari aambiwe waziwazi kwamba huenda ni betri, kwa kuwa katika picha sarafu huonekana kama duara moja, na betri huonekana kama duara mbili, moja ndani ya nyingine.